Bima Kubwa na Fisi wa Kasoli

Mektilda ndiye aliyetaka bima kubwa. Machibya, mumewe, alisema ndogo inatosha, ile ya kuwaridhisha matrafiki. Mtu halipii balaa kabla halijafika, alisema, ukililipia unaliita. Lakini Machibya alikuwa mtu wa pamba, siku zake zilipita shambani Kasoli, na barabara aliijua kwa miguu. Mektilda ndiye aliyekuwa akiendesha kirikuu yao, kile kigari cha mizigo chenye pua bapa, kutoka Somanda hadi Lamadi kufuata samaki. Kila safari aliona gari la mtu limelala mtaroni. Akamwita Rhoda, wakala wa bima waliyekuwa wakisali naye jumuiya moja, akakata kubwa.

"Kugonga, kugongwa, kupinduka, kuungua, kuibiwa," Rhoda alimhesabia kwa vidole. "Vyote vimo. Wewe endesha tu, dada."

Akaendesha. Mwaka wa kwanza ukapita salama na wa pili ukaingia. Kila alipolipia, Machibya alitazama pembeni kama mtu aliyeona jirani yake akimwaga maziwa.

Balaa lilipofika lilikuja kwa miguu minne. Ilikuwa asubuhi, kumeanza kupambazuka, na Machibya alikuwa ameketi kando yake kwa sababu alitaka ashushwe shambani kabla mkewe hajaendelea na safari ya Lamadi. Hawajafika njia panda ya Kasoli, mnyama akachomoka kwenye pamba upande wa kushoto, kichwa chini, mgongo umeshuka nyuma. Mektilda akakanyaga breki. Kishindo kikaja palepale, kioo kikajaa nyufa, stelingi ikamponyoka, na kirikuu ikaserereka ikaingia mtaroni na kulala ubavu.

Walitoka kupitia dirishani, Machibya akivuja damu kwenye nyusi. Makreti ya samaki yalikuwa yametapakaa barabarani, matupu, Mungu alisaidia. Mektilda alilizunguka gari. Uso wa gari wote ulikuwa umeingia ndani, taa moja inaning'inia, maji ya rejeta yanatiririka kwenye majani.

"Mama Lucy," Machibya akaita kutoka juu barabarani. "Hebu njoo uone."

Alikuwa amesimama juu ya mzoga wa fisi, amekwisha kumgeuza kwa fimbo. Kwenye paja la mnyama palikuwa na alama ya kuchomwa moto, mistari miwili iliyokatana, kovu la zamani lisiloota manyoya. Sikio moja lilikuwa limechanwa, na si kwa kupigana.

"Huyu mbiti ana mwenyewe," Machibya akasema kwa sauti ya chini, akimtaja fisi kwa jina la kwao.

Mektilda pia alizaliwa huko. Toka utotoni alisikia kwamba wapo watu wanaofuga fisi, wanawatia alama kama ng'ombe na kuwatuma wanakotaka. Wengine waliamini, wengine walicheka, lakini walicheka mchana tu. Kwa wakati ule lililomshughulisha ni taa ile inayoning'inia.

Trafiki alikuja na pikipiki. Alikuwa kijana mpole, mgeni wa kanda ile. Alipima barabara, akatazama leseni, akatazama stika ya bima, akaanza kuandika. Kila kitu kingeishia hapo kama Machibya asingemshika mkono.

"Afande, andika na hii. Fisi ana alama. Ana mwenyewe huyu."

Trafiki akacheka. Mektilda akamkanyaga mumewe mguu. Lakini Machibya akamwongoza afande hadi kwenye mzoga, akamwonyesha paja, akamwonyesha sikio, na yule kijana akaacha kucheka. Akaandika.

Gari likavutwa hadi gereji ya Bujiku, fundi aliyekuwa akiihudumia kirikuu ile tangu iliponunuliwa. Bujiku akaingia uvunguni, akatoka akifuta mikono. Chasisi haijapinda, akasema. Bodi itanyooshwa, vioo na taa vitapatikana Mwanza. "Ila shemeji, usiniache nalo muda mrefu. Gari lililosimama linaliwa na kila kitu."

"Anza hata leo," Mektilda akasema.

"Hapana!" Rhoda akadakia. Alikuwa amefika na fomu zake mkononi, nguo za kazini. "Dada, usiguse hata nati. Mpaka mkadiriaji wa kampuni aje aone. Ukitengeneza kabla, umejifungia mlango mwenyewe. Wiki hii hii atakuja."

Mkadiriaji hakuja wiki ile, wala iliyofuata. Mvua zikaanza. Bujiku aliifunika kirikuu kwa turubai, upepo ukalichukua, akalifunga tena kwa kamba. Mkadiriaji alipokuja hatimaye alikuwa na haraka. Akapiga picha kwa simu, akanywa soda aliyonunuliwa na Mektilda, akasema wasubiri kupigiwa.

Hakuna aliyepiga. Basi Mektilda akawa anapiga yeye. Mwanza kulikuwa na kijana wa madai aitwaye Keneth, mwenye sauti laini kama ya mtangazaji. Hakuwahi kumkatia simu wala kumjibu vibaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi, maana alikosa hata pa kushika ugomvi.

"Shikamoo mama. Faili lako liko kwenye mchakato."

Safari nyingine faili lilikuwa limepelekwa makao makuu. Safari nyingine mfumo ulikuwa umelala. Safari nyingine aliyekuwa nalo alikuwa likizo, na aliyemshikia nafasi hakuwa na nywila. Mektilda hakujua nywila ni nini mpaka Lucy, binti yake, alipomweleza. Akauliza sasa mtu anakwendaje likizo na ufunguo wa watu mfukoni.

Na samaki hawasubiri faili. Alikodi gari la mtu kwenda Lamadi, na mwenye gari alikuja saa aliyotaka yeye. Siku mbili tatu sangara walifika sokoni wamelegea, macho yamezama. Mwenye hoteli iliyo karibu na hospitali, mteja wake wa miaka, alibonyeza samaki mmoja kwa kidole, akanusa kidole, akasema, "Mama Lucy, nakuheshimu, lakini hapana." Wiki iliyofuata alikuwa akinunua kwa mtu mwingine.

Nyumbani Machibya hakusema "nilikwambia." Ingekuwa heri angesema. Alikuwa akikohoa tu, kikohozi kifupi, kila simu ya Mwanza ilipokatika. Mektilda alikijua kikohozi kile kuliko alivyojua sala ya Baba Yetu.

Jibu lilikuja mvua zikiwa zinakwisha. Rhoda alilituma kwenye simu bila hata salamu, na Mektilda alilisoma akiwa amesimama uani, sufuria ya ugali jikoni inaungua. Akalisoma tena. Kisha akaingia ndani, akamsomea mumewe kwa sauti:

"'Kwa mujibu wa taarifa ya polisi, mnyama aliyesababisha ajali alikuwa na alama ya umiliki. Hivyo basi, mteja anashauriwa kuwasilisha madai yake kwa mmiliki wa mnyama husika.'"

Machibya akaacha kutafuna.

"Umesikia, Baba Lucy? Nikamdai mwenye fisi. Niende nyumba kwa nyumba Kasoli, nipige hodi, niulize: samahani, huyu mbiti aliyekufa ni wa kwenu?"

"Hao wana wazimu."

"Wazimu ni wewe! Nani alimshika afande mkono? Nani alimwambia andika? Mdomo wako ndio umekula gari langu!"

"Nilisema nilichokiona."

"Ulishindwa kukiona ukanyamaza?"

Machibya akasukuma sahani. "Hiyo hela uliyokuwa unawapelekea kila mwaka," akasema polepole, "tungekuwa tumenunua ndama. Ndama angekuwa ng'ombe sasa. Ng'ombe haulizi fisi ni wa nani." Akatoka nje. Mektilda akabaki ameshika simu, ana hamu ya kuitupa ukutani, na hakuitupa kwa sababu ilikuwa simu pekee aliyokuwa nayo.

Jumapili akamsubiri Rhoda baada ya misa.

"Ulinihesabia vidole," akamwambia. "Kidole cha fisi kilikuwa kipi?"

"Dada, mimi ni wakala tu. Nauza. Anayelipa ni kampuni."

"Kwa hiyo wakati wa kuchukua, wewe ni kampuni. Wakati wa kulipa, wewe ni wakala."

Watu walianza kugeuka. Rhoda akamvuta hadi nyuma ya kanisa. Macho yake yalikuwa mekundu, na Mektilda akatambua kwamba yeye pia halali vizuri. Wateja wengine walikuwa wameacha kumsalimia sokoni.

"Sikiliza," Rhoda akasema. "Hawa kampuni wana mkubwa wao. Kuna mamlaka ya serikali inayowasimamia, ina ofisi ya kanda Mwanza. Kanuni hazikutungwa ili zilale kabatini. Nenda kalalamike, hulipi kitu. Ila usiseme nimekutuma mimi. Leseni yangu ya uwakala inapita mikononi mwa kampuni kwanza."

"Ulilijua hili muda wote?"

Mektilda akamwacha pale.

Alipeleka malalamiko, na akasubiri tena, akiwa amekwisha kuchoka kusubiri. Lakini safari hii aliyepiga simu alikuwa mtu wa mamlaka yenyewe. Alijitambulisha kwa jina la Flora, afisa wa malalamiko.

"Mama Mektilda, nimesoma karatasi zako. Kanuni zinawataka wakupe jibu kwa maandishi, lenye sababu, ndani ya muda uliowekwa. Muda huo waliupita zamani. Hilo ni kosa lao la kwanza. Hiyo sababu yenyewe ya fisi, nataka waje waniambie ana kwa ana. Nawe uje. Na mumeo aje, maana ndiye aliyetajwa."

Hapo ndipo moyo wa Mektilda ulipoingia baridi. Kumpeleka Machibya mbele ya serikali aseme habari za fisi!

Alijaribu kumweka sawa ndani ya basi, wakiwa wamekwisha kuipita Lamadi na ziwa linaonekana kwa mbali.

"Wakikuuliza, sema hukuona vizuri. Kulikuwa na giza."

"Kulikuwa kumekucha."

"Sema ni kovu la kawaida. Ameparuzwa na waya."

"Waya gani unachora msalaba?"

"Baba Lucy, kwa ajili ya watoto wako, sema ulikosea. Neno moja tu."

"Nikisema nilikosea," Machibya akasema, "basi yule afande kijana aliandika uongo, na mimi ndiye niliyemwandikisha. Sisemi."

Mektilda akageuzia uso dirishani, akalitazama ziwa hadi Mwanza.

Chumba cha mkutano kilikuwa kidogo, chenye meza ndefu na kiyoyozi kilichofanya kelele. Keneth alisimama walipoingia, akawapa shikamoo, akawavutia viti. Mektilda alikuwa amejiandaa kumchukia, akakuta kijana mwembamba, tai imemkaba, anayeonekana amelala kidogo kuliko hata yeye. Hilo nalo likamuudhi. Flora alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani.

Keneth akasoma msimamo wa kampuni. Mnyama mwenye alama ana mmiliki. Mmiliki wa mnyama anawajibika kwa madhara ya mnyama wake. Kampuni haiwezi kubeba mzigo wa mtu mwingine.

"Mzee Machibya," Flora akasema. "Wewe uliona nini?"

Mektilda akaufinya mkoba wake magotini.

"Niliona fisi," Machibya akasema. "Ana alama ya moto pajani na sikio limechanwa. Kwetu mnyama akiwa hivyo, ana mwenyewe. Ndivyo nilivyomwambia afande, na leo nasema hivyohivyo."

"Unamjua mwenyewe?"

"Simjui. Na ningemjua, mwanangu, nisingemtaja kwenye chumba chenye mlango mmoja."

Hakuna aliyecheka. Keneth akaandika kitu, na Mektilda akaona kalamu ile inavyokwenda kwa raha. Imekwisha, akawaza. Miezi yote, safari yote, na mume wangu amewapa kamba wanifunge nayo. Machozi ya hasira yakampanda, akayazuia.

Flora akavua miwani. "Sawa. Tukubali kwamba fisi ana mwenyewe. Keneth, bima ya huyu mama ni ipi?"

"Kubwa, madam."

"Ng'ombe wa jirani akiingia barabarani, mteja wako mwenye bima kubwa akamgonga, gari likaharibika. Unamwambia mteja akamtafute mwenye ng'ombe?"

"Hapana, madam. Tunalipa."

"Halafu?"

"Halafu tunamfuata mwenye ng'ombe, tukitaka."

"Basi. Mnalipa kwanza. Mkishalipa, haki ya kumdai mwenye mnyama inahama kutoka kwa mteja inakuja kwenu. Fisi ana mwenyewe, vizuri sana. Ni wenu sasa. Nendeni Kasoli mkamtafute."

Kiyoyozi kikanguruma. Machibya akamgeukia Keneth kwa huruma ya kweli.

"Mkija," akamwambia, "njia nitawaonyesha. Nyumba sitawaonyesha."

Mektilda alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, akafunika mdomo kwa kitenge, na Flora akajifanya anatafuta kalamu. Kwa muda mfupi ule aliamini mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kampuni ilikubali kulipa, kweli, lakini ilipotuma hesabu yake ilikuwa imekata huku na huku. Ilikata sehemu ambayo mkataba ulisema mteja hujibebea mwenyewe. Ilikata uchakavu, kwamba taa mpya haiwezi kuchukua nafasi ya taa iliyokwisha kutumika bila mteja kuongezea. Na wakati kirikuu ilipokuwa imesimama gereji, panya walikuwa wametafuna nyaya, kutu imekula sakafu palipokuwa pakituama maji ya mvua, na betri imeibiwa na watu wasiojulikana. Kampuni ikasema hayo hayakufanywa na fisi.

Akampigia Flora, sauti ikimpanda. "Hayo yamefanywa na wao! Wangekuja mapema, panya wangezikuta wapi nyaya?"

"Naelewa, mama. Hiyo ya nyaya na kutu nitawabana, wakubali walau sehemu. Uchakavu umo kwenye mkataba uliosaini, siwezi kuufuta. Kuhusu kuchelewa, tumewaandikia. Watatozwa faini."

Mektilda akatulia. "Faini napewa mimi?"

"Hapana, mama. Inakwenda serikalini."

"Aliyecheleweshwa ni mimi."

"Ni wewe."

"Wateja wamenikimbia mimi. Samaki wameniozea mimi. Halafu faini inakwenda serikalini."

Flora akashusha pumzi. "Kanuni ndivyo zilivyo kwa sasa. Unaweza kwenda mahakamani kudai hasara hizo. Haki hiyo unayo. Lakini ningekuwa dada yako ningekwambia utazame kwanza gharama na muda."

Mahakamani! Mektilda alimshukuru, maana mwanamke yule alikuwa amefanya lililo ndani ya uwezo wake, akakata simu, akaketi kwenye kreti tupu la samaki. Alitaka kumkasirikia mtu mmoja, akakosa. Keneth alitumwa. Rhoda aliogopa. Flora alikuwa na mipaka. Mkadiriaji alikuwa na haraka. Kila mmoja alishika kipande kidogo cha kosa, na kosa zima lilikuwa limelala gereji kwa Bujiku bila betri.

Kampuni ikakubali nusu ya nyaya, kutu ikakataa. Rhoda alileta hati ya kukubali malipo, akaiweka mezani na kurudi nyuma hatua moja, kama aliyeweka chakula mbele ya mbwa mkali. Hati ilisema mteja ameridhika na malipo hayo, kamili na ya mwisho.

"Sijaridhika," Mektilda akasema.

"Najua, dada."

"Basi mbona imeandikwa nimeridhika?"

"Ndivyo zinavyoandikwa zote."

Kesho yake ilikuwa siku ya Lamadi, na mwenye gari la kukodi alikuwa ameshapandisha bei. Mektilda akaomba kalamu. Juu ya saini yake aliandika kwa herufi kubwa: NIMEPOKEA. SIJARIDHIKA. Rhoda akafungua mdomo kumkataza, akafikiri, akaikunja karatasi jinsi ilivyo na kuitia mkobani.

Hela zilizobaki za kumlipa Bujiku hazikutosha, na Mektilda alikuwa akiwaza amkope nani aliporudi nyumbani na kukuta zizi lina pengo. Mtamba mwekundu, yule ng'ombe ambaye Machibya alikuwa akimsifia kwa kila mgeni, hakuwepo. Machibya alikuwa ameketi barazani akinoa jembe.

"Mtamba yuko wapi?"

"Ameenda mnadani."

"Baba Lucy..."

"Bujiku nimekwishampa. Anasema keshokutwa uje uchukue gari lako." Aliendelea kunoa. Hakukohoa.

Kirikuu ilitoka gereji na mlango wa rangi ya maziwa kwenye bodi ya bluu, maana ndio uliopatikana. Stelingi ilivuta kidogo kushoto. Mektilda aliendesha hadi Lamadi akiwa na mumewe kando yake, akamshusha Kasoli wakati wa kurudi, kisha akaenda moja kwa moja hadi kwa mwenye hoteli, akafunua barafu amwonyeshe sangara, macho yao bado yanang'aa. Mwenye hoteli akasema ni wazuri, lakini kwa sasa ana mtu anayemletea, wameshaelewana.

Jioni Machibya akamuuliza itakuwaje mwezi ujao, bima ikiisha. Wakate tena ile kubwa, au vipi?

"Sijui," Mektilda akasema. Alikuwa akiosha makreti, magamba yamemganda hadi kwenye viwiko. "Usiniulize leo. Nina hasira bado."

"Za kwangu?"

"Na za kwako zimo. Ila si nyingi."

Machibya akavuta ndoo ya maji, akachukua kreti lililofuata, akaanza kulisugua.